Pogo

Biira ameliokota kwenye gazeti lililofungiwa sambusa,
ukurasa wa michezo, mafuta yamepenya hadi nyuma:
lopsaidi. Tisa kwa bila, ushindi wa lopsaidi.
"Mwalimu, kwa Kiswahili ni nini?"

Kamusi ya shule inaanzia C, inaishia katikati ya S.
Bahati yetu, L ipo.
Inasema: -a kwenda upande.
Lakini hata kaa wa mto Lhubiriha anakwenda upande,
naye hana kasoro.

Nikachukua chaki.
Pogo, nikaandika: mzigo uliofungwa na mwenye haraka.
Kombo: mguu wa meza yangu, na maneno ya wifi.
Tenge: ndivyo mambo yanavyokwenda ada ikidaiwa.
Benibeni: mlango wa darasa hili tangu tetemeko,
hufungwa kwa teke, hufunguliwa kwa bega.

Nikalitamka tena, wapate kulisikia vizuri. Benibeni.

Ndipo nikakumbuka mama yake Biira alivukia wapi.

"Lakini tisa kwa bila, mwalimu?"
Tisa kwa bila si pogo, nikasema upesi, hicho ni kipigo.
Darasa likacheka.
Biira alikuwa anatazama mlango.
"Basi baiskeli ya baba," akasema.

Hapa Mpondwe nani asiyeijua baiskeli ya Mbusa?
Jumanne na Ijumaa, magunia mawili ubavuni:
kushoto muhogo wake, kulia maharage ya Masika,
mke na mume wakibishana nyuma ya gurudumu
nani kapakia zaidi.
Mwezi wa kwanza Masika alikwenda Beni kumuuguza dada.
Dada amepona, tumesikia.
Mwezi wa nne huu.

Mbusa alianguka mara mbili kwenye mteremko wa forodha,
mara ya tatu akashuka mtoni, akachagua jiwe,
akalitia ndani ya gunia la maharage, lile lile,
akalifunga kulia.
Askari akalifungua. "Hili ni bidhaa gani?"
"Linanisaidia kuendesha."
Askari akaandika: jiwe, moja. Ushuru: hakuna.

Usiku nikajaribu kulitungia shairi
la mizani nane kwa nane, kama nilivyofundishwa:

    Baisikeli ya Mbusa, kushoto ina muhogo,
    Njia anaipapasa, aogopa kwenda pogo,
    Kulia ni jiwe sasa, na hilo si jiwe dogo,
    Biira ameninasa,

Hapo likasimama.
Nikahesabu kwa vidole, nikahesabu kwa punje za kahawa.
Kushoto nane. Kulia hewa.
Ningeweza kuweka "nawambia siyo zogo",
au "nasema bila kinyongo" na kina kikivunjika mguu.
Sisi watunzi tunayo mengi ya namna hiyo,
tunayaokota mtoni, tunayafunga ubavuni,
shairi linapanda mlima wima kabisa
na hakuna anayelipia chochote.

Nililiacha hivyo. Taa iliisha mafuta, pia.

Asubuhi nikakusanya madaftari.
Sentensi moja kwa kila neno, niliwaambia.
Baluku: Kofia ya mjomba imekaa kombo kwa sababu ya pombe.
Ithungu: Mambo ya timu yetu yamekwenda tenge.
Kwenye benibeni, Biira ameacha mstari mtupu.
Kwenye pogo ameandika, kwa mkono mdogo ulionyooka:

Baba akilala, kitanda kinakwenda pogo.

Nilitafuta kosa la kusahihisha.
Nikatia vema. Kalamu iliteleza,
ikawa na mguu mmoja mrefu mno.

Kile kipande cha gazeti bado kipo juu ya meza yangu,
nimekikunja mara nne chini ya ule mguu mbovu
na meza sasa haitikisiki.
Tisa kwa bila.
Walioshinda wanasomeka.
Jina la waliofungwa limeliwa na mafuta.